Waranti Kuisha Si Haki Kuisha

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote kuhusu vifaa vya umeme vya bei nafuu ni kwamba waranti ikishapita, mnunuzi hana tena la kudai. Muuzaji huitazama tarehe kwenye risiti, akatikisa kichwa, na mwenye kifaa akaondoka nacho akiamini kwamba sheria imemfungia mlango. Ukweli ni kwamba waranti ni ahadi ya hiari, ambayo mtengenezaji au muuzaji huitoa kwa masharti yake mwenyewe, ilhali haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaoridhisha hutokana na sheria, na katika nchi nyingi haki hiyo haiwezi kufutwa na kikaratasi kilichowekwa ndani ya boksi. Katika Umoja wa Ulaya muuzaji hubeba dhamana ya kisheria kwa muda usiopungua miaka 2, hata kama waranti imeandikwa miezi 12. Sheria ya Haki za Watumiaji ya Uingereza ya mwaka 2015 huhesabu uimara kuwa sehemu ya ubora, na madai yanaweza kufikishwa mahakamani ndani ya miaka 6 katika England na Wales, au miaka 5 katika Scotland.

Wapo wanaosikia hayo wakadhani kwamba kila kifaa kinapaswa kufanya kazi kwa miaka 6. Sivyo: huo ni ukomo wa kudai, si umri ambao kifaa kimeahidiwa. Wala sheria hazilingani. Dhamana ya ubora katika Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Afrika Kusini ya mwaka 2008 hudumu miezi 6 tu, kwa hiyo cha kusomwa kwanza ni sheria ya pale bidhaa iliponunuliwa.

Dhana inayoniudhi zaidi ni ile isemayo kwamba aliyenunua cha bei ndogo amekubali hasara tangu mwanzo. Ni kweli kwamba bei huzingatiwa. Sheria za Uingereza na Australia zinaitaja waziwazi miongoni mwa mambo ya kupimia ubora, na hakuna atakayetarajia birika la bei ya chini kabisa lidumu sawa na la bei mara tano yake. Lakini bei ndogo hupunguza matarajio, haiyafuti. Birika lililotumiwa kwa kawaida nyumbani, likafa mwezi mmoja baada ya waranti kuisha kwa sababu swichi yake imeyeyuka, lina kasoro ambayo bei haiwezi kuitetea. Mwenye kipato kidogo ndiye hununua vifaa hivi, na ndiye anayeumia zaidi akilazimika kununua upya kila mwaka.

Ugumu wa kweli uko kwenye ushahidi. Katika miezi ya mwanzo, 6 kwa Uingereza na angalau 12 kwa Umoja wa Ulaya, kasoro ikijitokeza huchukuliwa kuwa ilikuwapo tangu siku ya mauzo, isipokuwa muuzaji athibitishe vingine. Baada ya hapo mzigo wa kuthibitisha unaweza kumwangukia mnunuzi. Hapa ripoti fupi ya fundi ina thamani kuliko malalamiko marefu: kapasita (kipuri kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme) iliyovimba au waya uliochomelewa vibaya huelekeza lawama kiwandani, ilhali koili iliyofunikwa na tabaka nene la chokaa ya maji huelekeza kwenye matunzo. Kwa sababu hiyo, kukifungua kifaa mwenyewe kabla ya kudai ni kuharibu ushahidi wako.

Muuzaji akikutuma kwa mtengenezaji, kumbuka kwamba mkataba wa mauzo ulikuwa kati yako na yeye, na kwa kawaida wajibu wa kisheria huanzia kwake. Usitarajie, hata hivyo, kurudishiwa fedha zote. Mara nyingi hatua ya kwanza ni kutengenezewa au kubadilishiwa, na fedha zikirudishwa baada ya matumizi ya muda mrefu, zinaweza kukatwa kulingana na matumizi hayo. Andika dai kwa maandishi, ukitaja tarehe ya kununua, namna kifaa kilivyoharibika na unachotaka kifanyike, kisha uambatishe nakala ya risiti, nayo halisi ubaki nayo.