Sahihi ikivuja, mwendo wa mkono umevuja

Ukitia sahihi kwenye kibao cha kielektroniki katika benki pale Upper Hill, skrini inakuonyesha mchoro tu. Kibao kimechukua mengi zaidi: kalamu ilipita wapi, ilikandamizwa kwa nguvu gani, iliinama vipi, uliinyanyua lini. Vibao vingi hupima haya mara 100 hadi 200 kwa sekunde. Mghushi anaweza kukariri umbo la sahihi kwa kuitazama karatasi, lakini kasi na mkandamizo havionekani hapo. Ndiyo maana mfumo wa kutambua sahihi hutegemea mwendo, na ndiyo maana nahofia mwendo kuvuja kuliko picha.

Wahandisi wengi ninaokutana nao hapa Nairobi huuliza kwa nini sahihi isihifadhiwe kama nenosiri. Nenosiri hupitishwa kwenye kanuni ya kihesabu kama SHA-256, ukatoka msururu usioweza kurudishwa nyuma. Badilisha herufi moja tu, msururu wote unakuwa mwingine. Kwa sahihi hilo halifai, kwa sababu hakuna mtu anayetia sahihi mbili zinazolingana kabisa. Asubuhi kitanzi cha K ni kipana, jioni mkono umechoka na mkia umekatika mapema. Mfumo hauna budi kupima ukaribu. Basi wengi huhifadhi data ghafi, wakaifunga kwa usimbaji fiche, yaani kuifanya isisomeke bila ufunguo, wakaridhika. Lakini data hiyo hufunguliwa kila inapolinganishwa, na mara nyingi ufunguo umelala kwenye seva ileile. Aliyeingia humo amepata vyote viwili.

Ninachopigania ni kuigeuza sahihi kabla haijahifadhiwa. Kuna mbinu inayoukata mfululizo wa vipimo katika vipande, mahali pa kukatia pakiamuliwa na ufunguo, kisha vipande vinachanganywa kihesabu mpaka ule wa asili uwe mgumu mno kupatikana. Sahihi mpya ikija inageuzwa vivyo hivyo, na kinacholinganishwa ni vilivyogeuzwa. Data ikivuja, ufunguo unabadilishwa na rekodi ya zamani inafutwa. Makosa ya utambuzi huongezeka kidogo, na gharama hiyo naikubali.

Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 24745, kinachohusu ulinzi wa data za kibayometriki (vipimo vya mwili au tabia vinavyomtambulisha mtu), kinataka rekodi isirudishike kuwa sahihi, iweze kufutwa na kutolewa upya, tena isiunganishike na rekodi ya mtu huyohuyo kwingineko. Hili la mwisho hupuuzwa sana. Benki na sacco zikitumia programu moja bila funguo tofauti, mwizi wa huku anamtambua mteja wa kule.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaziweka data za kibayometriki, zikiwemo zinazotokana na tabia ya mtu, katika kundi la data nyeti, na uvujaji wenye hatari kwa wahusika huripotiwa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72.

Na wale wanaoleta vifurushi kwa pikipiki, wanaokuomba utie sahihi kwa kidole kwenye simu? Ushahidi wa kupokea mzigo unatoshwa na picha. Programu yao isirekodi kasi wala muda hata kidogo.