Amelipa, lakini kwa pesa gani?

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii mkutanoni Upper Hill, Nairobi: "Si akina mama hawa wanalipa karibu wote? Basi mikopo inawatoa kwenye umaskini." Nimekuwa afisa wa mikopo midogo ya vikundi vya akina mama Kawangware na Gikomba kwa miaka kumi na mmoja, na swali hili limenichosha.

Kiwango cha malipo kinapima nguvu ya kikundi. Mwanachama akikosa hela ya wiki, wenzake wanamchangia kabla mkutano haujafungwa, maana wasipochanga zamu yao ya kukopa inakwama. Nimemwona mama akisimama mlangoni mwa kanisa tulimokutania, akakopa kwa simu, akaingia, akalipa. Nikaandika: amelipa. Baadaye aliniambia kwamba wiki hiyo watoto walilala na uji. Fomu yangu haikuwa na mahali pa kuliandika hilo.

Halafu kuna riba. Mkopo wa shilingi 50,000, riba ya asilimia 20 kwa mwaka, unalipa 5,000 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Kufikia mwezi wa saba umesharudisha zaidi ya nusu, lakini riba bado inatozwa kana kwamba 50,000 zote ziko mkononi mwako. Hesabu riba kwa salio linalopungua, yaani deni lililobaki tu, utapata takribani asilimia 35. Biashara ya sukuma wiki gani inazaa hivyo mwaka mzima, mvua na jua?

Majaribio sita ya mikopo midogo yaliyochapishwa pamoja mwaka 2015, kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Moroko, hayakuona mapato ya kaya yakipanda kwa wastani kiasi cha kujivunia. Huko Hyderabad, walionufaika zaidi ni waliokuwa na biashara kabla ya mkopo kuja.

Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Wastani unamficha yule mama wa Gikomba aliyeongeza robota la pili la mitumba na hajarudi nyuma tena. Nikiwapendelea wenye vibanda, nawaruka maskini zaidi. Nikiwapa wasio na kitu, wengine nawaongezea deni. Nimefanya yote mawili, na sijaridhika na lolote.

Siku hizi nauliza kwanza hela ya wiki imetoka wapi. Ikitoka kwenye mauzo, tunaendelea. Ikitoka kwenye simu au kwa dada yake, kwangu hajalipa, na tunakaa chini kusogeza tarehe kabla hajauza cherehani.