Kijicho cha Mwizi Hakisikii Moshi

Juzi nilikuwa Mkomani, hapa Lamu, nyumba ya ghorofa mbili yenye kibanda cha makuti juu. Mwenye nyumba akanionyesha kile kijicho cheupe cha mtambo wa kengele ya wizi, pembeni mwa sebule: "Fundi, moto haunitishi. Hicho kitausikia moshi." Ni mteja wa nne tangu Ramadhani iishe. Basi naandika mara moja, akija wa tano nimtumie linki.

Mama yangu, hicho ni sensa ya mwendo. Kinaangalia joto la mwili likikatiza mbele yake. Fukiza sebule mpaka kuta zipotee, chenyewe kimetulia tu. Cha moshi ni kile kisahani cha darini: ndani mna mwanga mdogo, moshi ukiingia mwanga unatawanyika, kinalia. Hilo nimemaliza.

Linaloniudhi zaidi ni la namba ya siri. Watu wanaamini ukibonyeza namba umelaza mtambo mzima, kwa hiyo wakiwa nyumbani eti hawana ulinzi wa moto. La! Unayemlaza ni mwizi. Zoni ya moto, yaani upande wa mtambo unaosikiliza vitambuzi vya moshi na joto, kama fundi ameipanga kifundi, iko macho saa 24, umebonyeza hukubonyeza. Mlango ukifunguliwa, paneli, kile kisanduku kinachoongoza mtambo, inakusubiri, tuseme sekunde 30, uingize namba. Moshi hausubiriwi hata sekunde moja. Ndiyo maana kwenye paneli nyingi hata mlio ni mwingine: mapigo matatu, kimya kidogo, mapigo matatu. Ukisikia hayo usikimbilie rungu, toa watoto.

Na mtambo hauzimi moto, unaita watu tu. Sasa ataitwa nani? Gari la zimamoto halipiti kichochoro ambacho punda wawili wanapishana kwa kuombana radhi. Halafu nikifungua orodha ya simu kwenye paneli, namba ya kwanza ni ya mtoto aliyeko Nairobi! Weka jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye pipa la maji.

Udi nao. Alhamisi jioni chetezo kinapita, kisahani kinalia, mtu anang'oa betri na hairudi tena. Kihamishe kisahani, betri iache. Jikoni mimi hufunga kitambuzi cha joto, kinacholia kwenye nyuzi 57 hivi. Hakijali udi wala samaki wa kukaanga. Ila kinachelewa. Kikilia, moto umeshakua.

Chini ya makuti, nakiri, sina amani. Nikikitundika kisahani cha moshi kileleni, hewa ya moto ya mchana inajikusanya pale na moshi mwembamba unabaki chini yake. Nikikishusha, kusi inaupeperusha moshi nje kabla haujafika. Mara mjusi kaingia, kinalia saa nane usiku bila moto. Siku hizi nafunga viwili, juu na chini kidogo, na bado nikilala Langoni upepo ukivuma huwaza vibanda vyote nilivyovifungia kisahani kimoja tu.

Mama wa Mkomani aliponielewa aliuliza, "Basi hicho kijicho tukitoe?" Kiache, mama. Wezi wapo.