Surua: sindano ya pili si ya ziada

Kisauni na Likoni, mitaa ya Mombasa, bado husemwa kwamba mtoto akishadungwa ya surua miezi 9, ile ya miezi 18 ni ziada tu. Sivyo. Kwenye miezi 9 huenda bado ana kinga aliyorithi kwa mamake, nayo huzima virusi hafifu vya chanjo kabla mwili haujajifunza. Takriban watoto 15 kwa 100 hubaki bila kinga, na kwa macho huwajui. Sindano ya pili huwafikia hao.

Virusi vya surua vilitengwa maabarani Boston mwaka 1954 na John Enders na Thomas Peebles. Chanjo ikaidhinishwa Marekani 1963.

Dozi ni mililita 0.5. Chupa moja ni ya watoto kadhaa, na ikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6; ndiyo maana muuguzi husubiri watoto watimie. Si uvivu.