"Maskini mnao siku zote" si ruhusa ya kufumba mkono

Hapa Malindi, kusi ikivuma na mvuvi akarudi mikono mitupu, hukosi kumsikia Mkristo akisema: "Hata Yesu alisema maskini mnao siku zote." Kana kwamba kusaidia ni kazi bure. Sivyo. Maneno hayo ya Mathayo 26:11 yanarejea Kumbukumbu la Torati 15:11: kwa kuwa maskini hawatakoma katika nchi, mfumbulie mkono nduguyo mhitaji. Nusu hiyo ya pili ndiyo amri yenyewe, na ndiyo watu huiacha. Jambo hilo huniuma sana. Tena Yesu alisema hayo akimtetea mwanamke aliyemmiminia marhamu kabla ya yeye Yesu kuzikwa, wanafunzi walipolalamika kwamba yangeuzwa wapewe maskini. Sura iliyotangulia, 25:35-40, anasema anayemlisha mwenye njaa amemlisha yeye.