Ukifika saa nne ya bamvua hutomkuta mkulima wa mwani

Mwanafunzi wangu mmoja wa uongozi wa biashara alirudi kutoka pwani ya mashariki ya Unguja na hojaji sitini zilizojazwa, kazi ya siku mbili. Alikuwa amechoka lakini uso umekunjuka. Nikazipitia moja moja, na jambo moja likanisimamisha: zaidi ya nusu ya watu aliowahoji juu ya kilimo cha mwani walikuwa wameshaacha kulima. Tayari alikwishaandika kwamba kilimo hicho kinakufa kijijini pale.

Nikamuuliza, "Ulifika saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi, mwalimu. Siku zote mbili."

"Na mwezi ulikuwa wa ngapi?"

Hakujua. Tukatazama kalenda ya mwezi mwandamo: siku ya kumi na tano na ya kumi na sita. Bamvua, siku ambazo bahari hujaa sana na kukupwa sana. Kwetu hapa, siku za bamvua maji hukupwa mno kwenye saa nne hivi za asubuhi, na saa hiyo mwanamke anayelima mwani hayupo nyumbani. Yuko pwani, maji ya magoti, anafunga vipando kwenye kamba kabla bahari haijarudi. Waliobaki majumbani ni wazee, wenye maduka na wale waliokwishaachana na kilimo. Kila jibu kwenye zile karatasi lilikuwa la kweli, na hitimisho lake lilikuwa kosa.

Nafundisha mbinu za utafiti wa biashara na uongozi, na kila mwaka naona vijana wenye bidii wakianza kazi kwa kutunga hojaji. Hojaji huja mwisho. Kabla yake yapo mambo mawili ambayo utafiti mzima unayategemea: unauliza nini hasa, na nani hayumo kwenye daftari lako.

Mada ya yule kijana ilikuwa "Mchango wa kilimo cha mwani katika kuwainua wanawake kiuchumi". Mada za sura hii ni nyingi maktabani kwetu, na kasoro yake ni kwamba jibu limeshatangulia. Ukisema "mchango" umeshakubali kwamba upo, kilichobaki ni kuusifu. Swali la utafiti lazima liweze kujibiwa "hapana". Tulikaa jioni mbili tukilipunguza, na tukafika hapa: mwanamke anayegeuza sehemu ya mwani wake kuwa sabuni, je, kwa kila saa ya kazi anapata zaidi ya yule anayeuza mwani mkavu mtupu? Hapo unajua wa kumtafuta, wa kumlinganisha naye na cha kupima. Na jibu laweza kuja kinyume na unavyotamani, maana sabuni inakula saa nyingi, inataka mafuta ya nazi na vifungashio, na inataka mteja. Ukilipata jibu hilo, liandike kama lilivyo. Kikundi kinachofikiria kukopa fedha za mashine kinalihitaji kuliko sifa.

Sasa idadi ya watu wa kuwahoji. Kanuni ya Taro Yamane ya mwaka 1967 haikosekani kwenye sura ya tatu ya tasnifu zetu: unachukua idadi ya watu wote, unaigawa kwa moja ukijumlisha na idadi hiyohiyo mara mraba wa kosa unaloliridhia. Kijiji chenye wakulima 400, kosa la asilimia 5, unapata 200. Zanzibar yote, watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022, unapata 400. Wanafunzi hushangaa, lakini ndivyo hesabu ilivyo: watu wakishakuwa wengi, ukubwa wa jumla yao hauongezi sana ukubwa wa sampuli.

Kinachosahaulika ni sharti la kanuni yenyewe, kwamba watu hao wachaguliwe kwa bahati nasibu, kila mmoja akiwa na nafasi ya kuchaguliwa. Ukihoji 200 uliowakuta barazani, hesabu ya Yamane haikusaidii kitu. Inakwambia wangapi, haikwambii akina nani.

Na kupata orodha ya kuchagulia ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, anazo kaya za shehia yake, lakini daftari lake halimwonyeshi nani analima mwani. Wakala wa mnunuzi ana daftari la mizani, lakini humo wamo waliouza tu. Ambaye kamba zake zote zilikatwa na mawimbi hayumo. Kikundi kina majina ya wanachama, na anayelima peke yake na bintiye hayumo. Nilimwambia kijana achukue madaftari yote matatu, akae na wanawake wawili watatu wanaoijua pwani ile, wayasome majina pamoja na kuongeza waliokosekana. Ilimchukua siku nne, na kwangu mimi siku hizo nne zilikuwa na thamani kuliko sura yake yote ya mapitio ya maandiko.

Kosa hilihili lipo mjini. Anayetaka kujua biashara hufanikiwa vipi huenda sokoni Darajani akawahoji wenye maduka. Wanamwambia: uaminifu, subira, kuamka mapema. Lakini waliofunga maduka huenda nao walikuwa waaminifu na waliamka mapema, ila hawapo pale kuulizwa. Mtafute aliyefunga, hata kama anaishi Fuoni siku hizi na anauza juisi. Mahojiano matano naye na wenzake yatakufundisha mengi.

Tuje kwenye kuuliza. Swali la faida ndilo linaloharibu data nyingi za biashara ndogondogo. Ukimuuliza muuza duka "Faida yako kwa mwezi ni kiasi gani?" atakujibu "Alhamdulillahi, tunashukuru." Hakukwepi. Mchele wa nyumbani unatoka kwenye gunia lilelile la kuuzia, ada ya madrasa inatoka kwenye droo ileile, na mtaji na matumizi havijawahi kutengana. Nilidhani zamani kwamba dawa yake ni kuuliza kila kitu kwa urefu, mauzo upande huu, gharama upande ule, kisha nitoe mwenyewe. Wachumi watatu, Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff, walilipima jambo hili kwa wafanyabiashara wadogo wa Sri Lanka na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Walikuta swali moja la moja kwa moja linakaribia ukweli kuliko orodha ndefu ya mauzo na gharama, kwa sababu bidhaa inayouzwa mwezi huu mara nyingi ilinunuliwa mwezi uliopita, na kutoa gharama za mwezi mmoja kwenye mauzo ya mwezi huohuo kunapotosha. Ila swali lenyewe lilitungwa kwa uangalifu. Kwa Kiswahili mimi huliweka hivi: "Mwezi uliopita, baada ya kulipa gharama zote za biashara, ilibaki shilingi ngapi? Usizitoe zile ulizochukua mwenyewe kwa matumizi ya nyumbani." Hilo la mwisho ndilo linalofungua. Mtu hutulia, akatazama juu, akaanza kuhesabu kwa vidole.

Kuna pia vile vipimo vya "nakubali kabisa" mpaka "sikubali kabisa", alivyovianzisha Rensis Likert mwaka 1932. Vinafaa, lakini huku kwetu mgeni hapingwi. Bibi mmoja alimsikiliza kijana wangu akisoma sentensi kumi na mbili, akaitikia "nakubali" kumi na mbili, pamoja na mbili zilizokuwa zinapingana. Mwishoni akamwambia kwa upole, "Mwanangu, andika utakavyoona wewe." Ndiyo maana nasisitiza baadhi ya sentensi zigeuzwe ziwe kinyume, na hojaji ijaribiwe kwa watu kumi na tano hivi kabla ya kazi kuanza. Lugha pia: "ujasiriamali" ni neno la semina, mkulima wa mwani hasemi hivyo. Mwulize "shughuli zako".

Tena angalia nani amekaa karibu. Kibali cha utafiti unakihitaji, na kwa sheha lazima upite, ni adabu na ni utaratibu. Lakini mshukuru, umwombe ruhusa, kisha uhoji bila yeye kuwapo. Nenda Pemba kuuliza habari za karafuu mbele ya sheha, hali shirika la biashara la serikali, ZSTC, ndilo mnunuzi halali. Hutosikia hata neno moja juu ya magendo. Hata bila sheha, mimi simwulizi mtu kama yeye amevusha karafuu. Sina haki ya kumtia hatarini kwa ajili ya shahada ya mtu. Na kipato cha mkulima wa karafuu usikipime kwa msimu mmoja, kwani mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Mwaka wa mavuno makubwa na mwaka wa mapumziko ni kama wakulima wawili tofauti.

Kijana wangu alirudi kijijini safari ya pili siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, na baada ya alasiri. Nilifuatana naye siku ya kwanza. Mlango wa tatu tuliopiga hodi, mama mmoja alikuwa kibarazani na tita la kamba mapajani, kanga yake ina chumvi kwenye pindo, anafungua vifundo vya zamani kwa meno ili avitumie tena. Alikuwa kwenye daftari la wakala. Tulipomaliza maswali akauliza mbona mara ya kwanza hatukufika kwake, maana alisikia kuna wageni walipita. Kijana akamweleza habari ya saa nne. Mama akacheka, akamwita jirani yake ng'ambo ya ua: "Njoo, hawa wamejifunza maji!" Jirani akaja na kamba zake, akakaa. Naye alikuwa kwenye orodha, jina la thelathini na moja.