Mwanamke Mpya wa Ujerumani ni nani?

"Mwanamke Mpya" ni jina alilopewa msichana wa mjini nchini Ujerumani miaka ya 1920: nywele kazikata fupi, gauni linaishia magotini, sigara anavuta hadharani, na mshahara anaokula ni wake. Magazeti ya picha na matangazo ya biashara yalimpamba sana, hata wengi leo hudhani habari yake ni ya mitindo tu. Mimi naona ilianzia kwenye kura.

Kaisari alipoanguka Novemba 1918, serikali ya mapinduzi ilitangaza ndani ya siku chache kwamba wanawake nao watapiga kura. Uchaguzi ukafanyika Januari 1919, na wanawake 37 wakaingia katika Bunge la Katiba mjini Weimar. Tarehe 19 Februari alisimama Marie Juchacz, aliyewahi kuishi kwa cherehani, akawa mwanamke wa kwanza kulihutubia. Aliposema "mabwana na mabibi", ukumbi uliangua kicheko. Hakuyumba. Aliwaambia kwamba wanawake hawadaiwi shukrani na serikali, maana wamepewa kile walichokuwa wakinyimwa bila haki. Hotuba hiyo inanieleza Mwanamke Mpya kuliko picha zote za magazetini.

Kazi nayo ilikuja kwa shida. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeua wanajeshi wa Ujerumani wapatao milioni 2, kisha mfumuko wa bei wa 1923 ukafuta akiba za familia, kwa hiyo mabinti wengi hawakuwa na mume wala urithi wa kutegemea. Ofisi, maduka makubwa na vituo vya simu viliwaajiri kwa wingi, ila karani mpiga chapa alilipwa pungufu ya mwanamume, mara nyingi aliishi bado kwa wazazi, na akiolewa alitarajiwa kuaga kazi. Katiba ilitamka usawa. Sheria ya ndoa, iliyoanza kutumika 1900, ilizidi kumpa mume neno la mwisho nyumbani.

Mdororo wa uchumi ulipozidisha ukosefu wa ajira, lawama ziliwaangukia wake wenye kazi. Sheria ya 1932 iliruhusu watumishi wa umma walioolewa kuachishwa, na 1933 Wanazi wakaanza kuwakopesha maharusi hadi Reichsmark (fedha ya Ujerumani) 1,000, sharti likiwa mke aache ajira.